Mke wangu ataka ninunue mabuti ya karibu laki tano, mimi naona ya sabini na tano yanatosha

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mhimilishaji wa ng'ombe, yaani mpandishaji wa mbegu za dume kwa mrija, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Sijaajiriwa na mtu. Nina pikipiki yangu ya cc 150, mtungi wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu, na namba ya simu ambayo wafugaji wa vijiji kadhaa wanaijua kwa kichwa. Mfugaji akiona asubuhi kwamba ng'ombe wake yuko kwenye joto, yaani anahitaji dume, mimi natakiwa niwe zizini jioni ya siku hiyo hiyo, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo siku yangu huanzia kwenye lami, kati ya Soni na Lushoto mjini, ambako malori ya mboga hushuka kwa kasi kuelekea Mombo. Kisha naiacha lami na kupanda vijiji vya juu kwa njia ya udongo mwekundu ambao wakati wa masika hugeuka sabuni. Nikifika nashuka, naingia kwenye samadi, nafanya kazi, nanawa, naondoka kwenda kwa mwingine.

Aprili mwaka huu nilianguka. Haikuwa ajali ya kusimuliwa kijiweni, maana nilikuwa nashuka mteremko kwa gia ya kwanza, taratibu kabisa, gurudumu la nyuma likaponyoka pembeni, pikipiki ikalala upande wa kushoto na mguu wangu ukabaki chini yake, kifundo kikiwa kati ya chuma na jiwe. Mfupa ulipasuka. Nilikaa na plasta wiki 6, kisha nikachechemea mwezi mzima, na muda wote huo nyumba iliendeshwa na cherehani ya mke wangu peke yake.

Sasa nimepona, na hapo ndipo mvutano ulipoanzia. Kikoba cha mke wangu kinavunjwa Desemba na gawio lake litafika shilingi laki sita hivi. Ameamua, bila mimi kumwomba, kwamba fedha hiyo ninunuliwe mabuti ya pikipiki. Alipokwenda Dar es Salaam kufuata vitambaa aliyaona dukani: marefu hadi karibu na goti, plastiki ngumu mbele, klipu nne za kubana, mapya kwenye boksi, shilingi 480,000. Binti yetu anaingia kidato cha kwanza Januari na hana hata godoro la kulalia bwenini. Nikimweleza hivyo, mke wangu ananijibu kwamba godoro linaweza kusubiri lakini mguu hauwezi.

Nimezunguka kwa upande wangu. Duka la vifaa vya ujenzi lina mabuti ya usalama yenye chuma puani kwa 75,000. Kwenye mitumba ya Tanga nilikuta buti la ngozi la pikipiki la Ulaya, linafika katikati ya ugoko, lina zipu pembeni, muuzaji anataka 130,000. Kuna kijana ana mabuti ya kijeshi ya mtumba kwa 60,000. Na gambuti zangu za mpira bado ninazo. Je, lipo buti moja linalofaa kwenye lami, kwenye tope na zizini, ambalo mtu wa kipato changu anaweza kulinunua bila kuona aibu mbele ya mtoto wake? Na nitalikataaje lile la mke wangu bila kumfanya aone nimeidharau nia yake?

Kuna jambo moja sijamwambia. Siku ile nilikuwa nimevaa katambuga, ndala za tairi. Gambuti zilikuwa nyuma, nimezifunga kwenye keria, kwa sababu zilijaa samadi na miguu yangu ilikuwa inawaka joto. Yeye anaamini gambuti ndizo zilizoshindwa kunilinda. Kila akilitaja hilo, mimi nanyamaza.

Mhimilishaji wa Milimani

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mguu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimeendesha pikipiki za miradi ya vijijini kwa miaka 17, na kifundo changu cha kushoto hunitabiria mvua mpaka leo, kwa hiyo usidhani nakujibu kutoka kwenye kochi tu.

Nikikusikia vizuri, umeuliza maswali mawili ukayafunga kwa kamba moja: lipi buti la kununua, na namna gani ya kumwambia mke wako. Ulivyoiandika barua, yeye ameshika mabuti ya 480,000 na wewe umeshika ya 75,000, kana kwamba mnavutana kuhusu bei. Sina hakika kama ndivyo. Yeye alikaa wiki kumi akishona usiku huku akikutazama umelala, na buti lile refu dukani nadhani lilimjia kama jibu la woga wake kuliko kifaa. Wewe nawe unalikataa kwa ajili ya godoro la binti, hoja nzito kabisa, ila katika aya yako ya mwisho kuna hoja nyingine uliyoificha, na hiyo inagusa uchaguzi wa buti kuliko bei. Nitairudia.

Kwanza tuiangalie ile ajali, kwa sababu watu wengi hununua buti kwa ajili ya ajali wanayoiogopa, wakaisahau ile inayowapata. Kwenye lami, mtu anayeanguka huburuzwa. Adui ni msuguano, ambao hula ngozi mpaka mfupani, na kinachookoa ni ngozi nene, mshono imara, na buti ambalo halichomoki mguuni. Kwenye tope na mawe hali ni nyingine kabisa. Unaanguka polepole, lakini pikipiki yenye zaidi ya kilo 100 inakulalia, au mguu unachomeka ardhini huku mwili ukiendelea mbele na kifundo kikasokotwa. Huko kinachotakiwa ni soli ngumu isiyokunjika ikibanwa kutoka ubavuni, na kinga iliyo imara pande zote mbili za kifundo. Wewe unapita kwenye ardhi zote mbili kila siku, lakini ulichovunjika ni cha ardhi ya pili. Sisemi uisahau lami. Malori ya Soni nayajua. Nasema tu kwamba ukilishika buti dukani, mkono uende kwenye kifundo na soli kabla hujashangaa urefu wake.

Hapo kuna njia ya kulipima bila kumtegemea muuzaji. Shika pua kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, ulikamue kama nguo mbichi: likijisokota kirahisi mikononi, litajisokota na mguu wako ndani. Kisha bonyeza soli kutoka pembeni, pale katikati ya unyayo. Buti lililotengenezwa kwa ajili ya pikipiki na kupimwa kwa kiwango cha Ulaya lina lebo ndani yenye mchoro mdogo wa mtu juu ya pikipiki, maandishi EN 13634, na chini yake namba nne, kila moja ikiwa 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa buti, ya pili ni uwezo wa kuhimili msuguano, ya tatu ni kuhimili kukatwa, na ya nne ni ugumu wa soli inapobanwa kutoka ubavuni. Mbili ni bora kuliko moja. Ukikuta na herufi IPA, maana yake kinga ya kifundo nayo imepimwa. IPS ni ya ugoko, na WR ni ya kuzuia maji. Sasa rudi kwa yule muuzaji wa Tanga ulitazame lile buti la 130,000 kwa ndani, kwenye ulimi au juu ya zipu. Lebo ikiwepo, una habari za uhakika ambazo hata mabuti ya dukani Dar huenda hayana, kwa sababu urefu na plastiki nyingi peke yake havithibitishi kitu.

Lakini mtumba una ugonjwa wake, nao hauonekani kwa macho. Soli nyingi za Ulaya zina tabaka la plastiki laini ambalo huoza kwa unyevu na umri hata kama buti halikuvaliwa. Linakaa stoo miaka kumi likiwa linang'aa, kisha wiki ya pili ya safari soli yote inabanduka na kumeguka kama mkate mkavu. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba pale soli inapokutana na ngozi. Ukiona nyufa ndogo kama utando wa buibui, au vumbi linalonata, hapo unanunua ngozi tu, na soli utampelekea fundi viatu. Jambo hilo si baya likiingia kwenye hesabu mapema, kwa sababu fundi mzuri anaweza kushona soli ya mpira mgumu, ingawa ile namba ya nne kwenye lebo inakuwa haina maana tena. Zipu nayo ifungue na kuifunga mara kumi mbele yake. Tope jekundu likikauka kwenye meno ya zipu ndilo huiua, na buti lenye zipu iliyokufa ni ndala ndefu.

Kuhusu mabuti ya usalama ya 75,000, nakubali kwamba umeyafikiria kwa akili. Yaliyopimwa kwa kiwango cha EN ISO 20345 yana kofia ya vidole inayohimili kishindo cha jouli 200, na yakiandikwa S3 yana pia tabaka la kuzuia misumari na soli yenye meno, kitu ambacho zizini na kwenye tope ni neema. Nimewaona mafundi na mabwana shamba wakiyavaa miaka na miaka. Swali langu ni moja: wewe uliumia vidole? Chuma kiko puani, na wewe ulipasuka kifundo. Mengi yake huishia juu kidogo tu ya kifundo, na pembeni hayana kitu kigumu. Yana pia kero ya pikipiki hasa. Pua yake ni nene, haipiti vizuri chini ya pedeli ya gia, na unajikuta unainua mguu mzima badala ya kidole, mara gia imekataa katikati ya mlima. Kero hiyo ina dawa, kwa sababu pedeli nyingi zimekaa kwenye shafti yenye meno, fundi anailegeza bolti, anaipandisha jino moja, anakaza. Kamba za viatu nazo zichomeke ndani kabisa, maana kitanzi kikinasa kwenye pedeli wakati unataka kutua mguu chini, utaanguka ukiwa umesimama. Ukiyachagua haya, unaweza kuongezea ngao ngumu ya ugoko inayoshuka hadi kufunika kifundo. Jumla yake bado itakuwa mbali sana na laki tano, ila itakubidi uzivae ngao hizo kila siku, na hapo ndipo ninapokuona ukisita.

Ya kijeshi sitayapima kwa ubora. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi, na mwaka 2023 JWTZ ilitangaza raia wayasalimishe ndani ya siku saba. Nguvu ya soli haina msaada kama kila kizuizi barabarani kinakutia jasho.

Tuje kwenye yale ya mke wako. Kwa maelezo yako nadhani ni ya motocross, ya mashindano, na usiyabeze. Kwa ule mwanguko wako wa Aprili, hakuna kingine kwenye orodha yako kinachokikinga kifundo kama hayo. Tatizo ni kwamba yametengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa juu ya pikipiki dakika ishirini kisha anayavua. Soli ya mengi yake ni tambarare, imekusudiwa kukanyagia chuma cha pikipiki. Ukishuka kwenye mteremko wenye tope inateleza kama sahani. Yale ya enduro, yaani ya safari ndefu za njia mbovu, ambayo kwa mbali yanafanana nayo sana, yana meno chini, na wauzaji wengi hawatofautishi. Ugumu wake unaondoa hisia ya breki ya nyuma na gia, na itakuchukua wiki kadhaa kuyazoea, wiki ambazo ni za hatari kwa mtu anayeshuka mlima wenye utelezi. Kuchuchumaa zizini ukiwa ndani yake sijui kama utaweza. Hata hivyo, mtu akiniambia anashinda kutwa kwenye mawe na hashuki mara kwa mara, nisingemkataza.

Sasa lile dhana lako la buti moja. Umeandika kwamba unataka kitu kimoja kwa lami, tope na zizi, na nadhani zizi ndilo linaloharibu hesabu yote. Samadi na mkojo wa ng'ombe hula ngozi na nyuzi za mshono. Buti la ngozi linaloingia zizini mara nne kwa siku, hata ukilipaka mafuta kila Jumapili, halimalizi masika mawili. Tena wewe ni mtu wa mifugo, unajua kuliko mimi jinsi homa ya miguu na midomo inavyosafiri kutoka zizi hadi zizi kwenye soli za watu. Gambuti inaoshwa kwa maji na dawa, basi. Je, ukiziacha gambuti ziwe za zizini tu, na ukalitafuta buti la safari peke yake? Hapo buti la ngozi la mtumba linaonekana tofauti, na hata ya mke wako yanaonekana tofauti. Hatari ya njia hiyo unaijua, kwa sababu umeshaionja: kubadilisha viatu mara nne kwa siku kunachosha, na mtu aliyechoka saa kumi na mbili jioni hubaki na alichovaa, au huvaa kilicho chepesi.

Ndiyo, nazungumzia katambuga. Siku ile gambuti zilikuwepo, zimefungwa kwenye keria. Zisingekuokoa sana kifundo, maana mpira ni laini na buti lenyewe huchomoka, lakini pengine jiwe lisingekutana na mfupa moja kwa moja. Sikulaumu, hata mimi nimepanda milima na malapa nikijiambia ni kijiji cha karibu. Ila jiulize kwa utulivu kilichokufanya uzivue. Ulisema joto na samadi. Kama ni hivyo, buti lolote zito, lisilopitisha hewa, gumu kuvua, litafuata njia ile ile ya kwenye keria, liwe la 75,000 au la 480,000. Kabla ya kupima soli, ningependa upime saa ngapi kwa siku utakubali kukaa nalo mguuni mwezi Februari, jua likiwa kali.

Na hapo ndipo naona mke wako anahitaji kuijua habari ya katambuga. Yeye anataka kutoa laki tano ili kuziba tundu ambalo halipo pale anapodhani lipo. Unaweza kunyamaza, mkanunua mabuti mengine ya bei nafuu kwa hoja ya godoro, naye akabaki akiamini umeuchezea mguu wako kwa ajili ya fedha; kila mvua itakaponyesha atakuwa dirishani. Unaweza pia kumwambia, naye akakasirika, pengine kwa siku kadhaa, kwa kuwa mikono yake ndiyo iliyolipa zile wiki kumi. Mimi sijui hasira yake ina urefu gani, wewe unaijua. Nadhani tu kwamba mtu aliyetoa gawio lake lote la kikoba bila kuombwa ana haki ya kuketi kwenye mazungumzo akiwa na habari kamili, na huenda akisikia tatizo lilikuwa joto na uchafu, atakuwa wa kwanza kusema yale ya klipu nne hayakufai. Au atasema bado anayataka, na mtapanga mwezi mwingine.

Kuna jambo la kazi yako ambalo wauza viatu hawatakuambia. Suruali isiingie ndani ya buti. Ikiwa ndani, mvua inateremka na kitambaa mpaka kwenye soksi, na buti lenye WR hugeuka ndoo. Lakini kwako kuna kubwa zaidi, kwani naitrojeni ya kwenye mtungi ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikimwagika ukiwa umechomeka suruali kwenye gambuti yenye mdomo mpana, inaingia na kutulia humo pamoja na mguu. Suruali ikishuka nje ya buti, naitrojeni inateleza juu yake na kudondoka chini. Kwa sababu hiyo hiyo penda buti ambalo unaweza kulivua haraka.

Ukienda Tanga, nenda na pikipiki, nenda mchana wakati miguu imeshavimba kidogo, na ubebe soksi zile zile nene unazoendea kazini. Mwombe muuzaji uketi juu ya pikipiki ukiwa umevaa, upandishe na kushusha gia zote injini ikiwa imezimwa, ukanyage breki, kisha ushuke uchuchumae kama uko nyuma ya ng'ombe. Akikataa, mwachie buti lake. Kifundo kilichopona mara nyingi hubaki kinene kuliko kingine, kwa hiyo anza kujaribu la kushoto.

Na ikiwa mtaamua gambuti zibaki za zizini, zitahitaji mahali pa kukaa mbali na mtungi na mbali na ekzosi, maana mpira huyeyuka. Hapo una fundi cherehani nyumbani. Mpelekee kipande cha turubai na vipimo vya keria, akushonee mfuko wenye mdomo wa kamba na tundu la kutolea maji chini.